Siku Mji wa Kale Ulipombeba Mfalme wa Majini Begani

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani, mnaoamini majini na mnaowacheka.

Mimi ni wa kundi la pili. Nalisema mapema ili asije mtu huko chini kuniambia nimetunga. Anayetunga huwa anataka uamini kitu. Mimi sitaki uamini chochote, nataka tu kusimulia nilichokiona kwa macho yangu hapa Mombasa, Mji wa Kale, tulipokuwa tunatengeneza filamu. Majina nimebadilisha. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Uzi ni mrefu kidogo, kwa hiyo chukua kahawa yako kwanza.

Tuanze na shangazi.

Shangazi yangu, tumwite Bi Zuhura, ni dada mkubwa wa babangu. Alifundisha skuli ya msingi hadi akastaafu, na katika umri ambao wenzake wanalea wajukuu, yeye akakaa chini akaandika kitabu. Si cha mapishi. Kitabu cha jini.

Jini mwenyewe ni mfalme. Anaishi chini ya maji yanayozunguka kisiwa, na kila siku baada ya Alasiri hupanda kupitia kisima cha nyumba moja ya Mji wa Kale, akatokea uani akiwa mwanamume wa kawaida, kwa sababu amemuoa mwanamke wa nyumba hiyo. Usitarajie vita vya mapanga. Kazi kubwa ya huyu mfalme kitabuni ni kunywa kahawa, kubishana na mkewe na kuogopwa na majirani.

Sura ya mwisho anakufa. Na ule mtaa uliokuwa ukimkimbia miaka yote unatoka milangoni, unalibeba jeneza lake begani, mwanamume baada ya mwanamume, kwa sababu aliyeoa hapa ni wa hapa.

Kila anayemjua shangazi anajua sura hiyo imetoka wapi. Mumewe, Mjomba Salim, alikuwa fundi wa injini katika meli za mizigo. Aliugua melini, akafia kwenye bandari moja ya mbali, akazikwa huko huko siku hiyo hiyo na watu wasiomjua. Shangazi alipata simu. Baadaye likaja begi la nguo.

Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Dirisha ndilo kuaga kwao: jeneza linapita chini, wao wako juu nyuma ya pazia, wanaona mabega yakipokezana. Shangazi hakulipata hilo. Alikaa dirishani na hakikupita kitu.

Sasa mnaelewa kwa nini Feisal alipokuja kuomba kitabu akifanye filamu, shangazi alimpa sharti moja tu.

Feisal ni jirani yetu, tumekua pamoja, akaenda Nairobi kusomea filamu na akarudi na kofia. Shangazi akamwambia:

"Badilisha utakacho. Mpe jini mkia ukitaka. Lakini mazishi nataka yote, na nataka niyaone kwa mato yangu yakipita chini ya dirisha hili. Hapana mazishi, hapana kitabu."

Feisal akaapa. Mimi nikapewa kazi ya kuangalia mwendelezo, yaani kuhakikisha kikombe kilichokuwa mkono wa kulia hakihamii wa kushoto bila sababu. Walinipa mimi kwa sababu nauliza maswali mengi, na ile ndiyo kazi pekee ambayo mtu kama mimi hatupwi nje siku ya kwanza.

Basi tukaingia kwenye kumtafuta mfalme.

Wa kwanza alitoka Nairobi. Kijana mrefu, meno ya tangazo, watu wanamjua kwenye televisheni. Feisal alikuwa na furaha kama ameposa. Shangazi akamkaribisha kaimati na kahawa, akamtazama, akauliza swali moja.

"Mwanangu, wajua kubishana?"

Yule kijana akajibu kwa adabu kwamba yeye hapendi ugomvi.

Shangazi akaninong'oneza: "Hafai. Huyu si mume wa mtu, huyu ni mgeni wa watu."

Feisal hakusikia, au alijifanya. Akamvisha pembe za sponji na kumpaka unga wa fedha mwili mzima. Wakuu, Mombasa, adhuhuri, uani, unga wa fedha. Jasho likauteremsha wote hadi machoni. Mfalme wa majini akawa analia machozi ya kung'aa na kuomba maji ya kunawa.

Alipokimbilia ndani, mlango wetu ni wa zamani, mfupi. Pembe moja ikabaki juu ya kizingiti.

Shangazi hata hakuinuka. "Nilisema kitabuni mwangu hamna pembe. Anayeoa hapa sharti apite mlangoni."

Wiki hiyo kijana akapata kazi nyingine, akatuaga vizuri, akaondoka. Simlaumu.

Tukafanya usaili kwenye ukumbi mmoja Tononoka. Hapo ndipo nilipojua ugumu wa kumpata jini katika mji unaowaogopa. Bwana mmoja, sauti nzuri, umbo zuri, kila akifika kwenye maneno "mimi ni jini" anasema, "Audhubillahi, mimi ni jini." Feisal akamwomba aliondoe lile neno la kwanza. Akajaribu. Akashindwa. Mwisho akatulia akasema, "Niandikieni 'yule pale ni jini,' nitanyoosha kidole."

Mwingine alikuja na mkewe. Mke akauliza huyo mfalme ana mke kwenye filamu. Tukamwambia ndiyo. Akamshika mumewe mkono, wakatoka.

Tulikuwa tunakaribia kufunga, na huko nyuma ya ukumbi kulikuwa na mtu anawasimulia wenzake kisa cha kontena lililopotea bandarini. Sikusikia kisa chenyewe kwa sababu msimuliaji alianza kucheka kabla hajafika mwisho. Akacheka mpaka akashika kiti. Hakuna aliyejua kontena liliishia wapi, na wote wakacheka naye.

Shangazi akainua kichwa.

"Ni nani yule ateka vile?"

Nikaenda kuuliza mwenye kicheko kile ni nani. Anaitwa Mutua, Mkamba, amezaliwa Tudor, anafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Hakuja kuigiza. Alimsindikiza rafiki yake.

"Mwite."

Akaja, akasema shikamoo mama, akasimama mikono nyuma.

"Wajua kubishana?"

"Mama, mimi nagombana na watu wa forodha tangu asubuhi hadi jioni. Sijui kazi nyingine."

Shangazi akafunga mkoba wake. Usaili ukaisha.

Niliyekuwa karibu naye ni mimi, na mimi ndiye niliyejua alichokisikia. Mjomba Salim alikuwa na tabia hiyo hiyo. Hakuna utani wake hata mmoja ambao familia yetu inajua unavyoishia.

Mtaani maneno yakaanza. "Majini wa Mvita wamekwisha, hata mfalme aletwe kutoka Ukambani?" Mwingine akasema Mkristo atawezaje kuwa jini wetu. Nami, kwa kuwa siwezi kunyamaza, nikampelekea shangazi hoja ya kitaalamu: lafudhi. Mfalme anaishi chini ya Mombasa tangu enzi, itakuwaje azungumze kama mtu wa bara?

"Wewe ushawahi kumsikia jini akisema?"

"La."

"Basi lafudhi yake waijuaje?"

Nilikwenda chuo miaka minne, wakuu. Nikarudi kwenye vikombe vyangu.

Na Mutua alikuwa mzuri. Hakuwa anaigiza mfalme, alikuwa anabisha tu. Yule dada aliyeigiza mke wa jini alisema siku ya tatu alikuwa anamkasirikia kweli.

Sitawachosha na taabu zote za seti. Kunguru wa Mombasa hawajasoma skripti, kila mfalme akifungua mdomo na wao wanafungua. Umeme ulikatika kila ulipotakiwa. Na kamera ilikuwa ikizima yenyewe kila tunapoisogeza karibu na kisima.

Hili la kamera lilileta taharuki. Mama aliyekuwa akitupikia akakataa kupita uani. Nikachunguza: ua umefungwa pande zote, taa mbili kubwa, jua juu ya kichwa. Kamera ilikuwa inapata joto tu. Nikaleta feni, nikaielekeza pale, ikaacha kuzima. Nikawaita wote waone.

Mama mpishi akatazama feni, akatazama kisima, akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe alikuwa ataka upepo."

Niliacha.

Sasa tuje kwenye mazishi, maana hiyo ndiyo sababu ya uzi huu.

Feisal aliyaacha mwisho, na mwisho ulipofika hakuwa na watu. Alikuwa ametegemea vijana wa chuo kutoka Buxton waje kuwa kundi la watu, wale wanaoitwa extras. Mitihani ikawaangukia. Wakaja wachache, wa kulibeba jeneza tu, bila hata mmoja wa kuwapokea. Huo ndio mji mzima aliokuwa nao.

Akamwendea shangazi na wazo: apige picha za miguu tu, karibu karibu, halafu kompyuta iongeze watu.

"Mimi nataka mabega, wewe wanipa miguu."

"Shangazi, watu sina."

"Basi na kitabu huna."

Hakupandisha sauti. Kazi yote ile, Mutua, kisima, kila kitu, ilikuwa inaning'inia kwenye dirisha moja. Na huyu mama, ambaye kwa miaka hiyo yote hakuwa ameomba kitu kwa mtu, alikuwa ameomba hiki kimoja, na tulikuwa karibu kumwambia haiwezekani.

Wakakubaliana tujaribu na tulionao. Kama haikupendeza, tufunge.

Mpango ulikuwa asubuhi mapema. Jeneza letu lilitengenezwa na seremala, la msikiti huwezi kuliazima kwa mchezo. Lilipakwa rangi ya buluu, likabandikwa makombe ya baharini, lisifanane na la kweli. Asubuhi hiyo rangi ilikuwa bado mbichi na makombe yanadondoka. Tukasubiri ikauke. Haikukauka. Dada wa mavazi akalifunika kwa kitambaa cha kijani chenye nakshi za dhahabu, kama cha majeneza ya kweli.

Nikasema kitabuni ni buluu. Feisal akaniambia, "Leo maswali yako yaweke mfukoni."

Kufikia hapo adhuhuri ilikuwa inakaribia. Kamera zote mbili ziliwekwa juu, moja dirishani kwa shangazi, nyingine darini upande wa pili, ili chochoro lionekane la zamani bila mitambo. Watu wa chochoro letu walikuwa wameshaambiwa. Wa chochoro la mbele hawakuambiwa, kwa sababu jeneza lilikuwa lisimame konani.

Mutua akalala ndani, kitambaa juu. Tulimwambia tutatia magunia ya mchanga. Akakataa. "Nilikubali kuwa mfalme, nitakufa mwenyewe."

Feisal akatoa ishara. Vijana wa Buxton wakaanza kutembea, polepole, nyuso chini, kama watu wanaohamisha kabati.

Kwa wasioijua Mombasa, nieleze kidogo. Jeneza likipita kwetu, mwanamume aliyekaa husimama. Akisimama hulifuata. Akilifuata hutia bega, hatua chache, kisha humpokea mwingine. Hakuna anayekuuliza unamjua maiti ama humjui. Unabeba kwanza, jina utalisikia mbele ya safari.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani pale konani. Alitoka na futi yake shingoni, akamgusa kijana wa mbele, akatia bega. Kijana akarudi nyuma amechanganyikiwa, akatazama juu kwenye kamera.

Halafu wakatoka wa mgahawani. Halafu kwa kinyozi akatoka bwana mmoja, povu shavu moja, shuka la kinyozi limefungwa shingoni, akatia bega. Jeneza likashika kasi. Kwetu haliendi kama kabati, linakwenda kama lina miadi. Tahalili, ile "La ilaha illallah" ya mazishini, ikapanda. Duka likateremsha mlango nusu, kisha la pili. Kona ikapitwa.

Feisal akashuka ngazi mbio, akawakimbilia kofia mkononi.

"Simameni! Jamani si kweli! Si kweli!"

Mzee mmoja akamkumbatia akamshika kichwa kifuani. "Ni kweli, mwanangu. Ni kweli. Kubali."

"Mzee, nakwambia hajafa!"

"Sote twasema hivyo siku ya kwanza."

Mimi nilimfikia yule wa povu nikamwambia bwana, hii ni filamu. Akanivuta mkono: "Ingia kushoto, wenzako wamechoka." Nikaingia. Sijui kwa nini. Bega langu likapokea mti wa jeneza, uzito ukashuka mpaka kisiginoni, na nyuma yangu mtu akanishika mgongo asinikanyage. Sauti ikatoka kitambaani karibu na sikio langu.

"Wewe, mbona kasi hivi? Kona haijafika?"

"Lala," nikamwambia.

Tulilitua mbele ya msikiti. Watu walikuwa wanatawadha kwa swala ya Adhuhuri. Imamu akatoka, mtu mwembamba mwenye miwani, mpole.

"Maiti ni nani?"

Kila mtu akamtazama mwenzake.

"Haya, ni mwanamume ama mwanamke? Nijue nia."

Fundi cherehani akamtazama wa povu. Wa povu akanitazama mimi. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema, sauti ikatoka chini ya kitambaa, ya heshima kabisa:

"Mwanamume, sheikh."

Wakuu, sijawahi kuona viatu vingi hivyo bila watu. Yule wa povu aliruka baraza ambalo mimi hulipanda kwa mikono. Wengine waliingia msikitini, wengine walitoka msikitini. Fundi cherehani alibaki pale pale amefumba macho, anasoma kila alichokijua.

Imamu hakukimbia. Alirekebisha miwani, akainama.

"Muislamu?"

"Hapana, sheikh. Mkatoliki, wa Tudor."

"Basi inuka, ndugu yangu. Hii si zamu yako."

Baadaye tulicheka. Siku hiyo hapakuwa na kicheko. Mzee Athmani, anayeangalia mambo ya msikiti na mtaa, mtu ambaye neno lake likitoka halirudi, alimwita Feisal na kumwambia tumewafanya watu wazima watoto. Jeneza si kitu cha mchezo. Baada ya Alasiri tuje na kamera, tufute kila kitu mbele yake, na filamu iishie hapo.

Feisal alikubali. Mimi nilipanda juu kumwambia shangazi.

Nilimkuta dirishani. Alikuwa ameona yote hadi kona. Uso wake sijui niuseme vipi. Kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani.

Nikamwambia yatafutwa.

Akachukua buibui lake.

Baada ya Alasiri wanaume walikuwa wamekaa kwenye baraza la nje la msikiti. Yule wa kinyozi naye alikuwepo, shavu moja safi, jingine bado. Shangazi akasimama chini, nami pembeni yake, akatoa salamu, ikaitikiwa.

"Mwenye makosa ni mimi, si watoto hawa. Kitabu nimetunga mimi. Mfalme ni jina tu. Mwenye kubebwa mwamjua."

Mzee Athmani akamtazama sana.

"Salim?"

"Salim."

"Salim wa injini?" akauliza mtu nyuma.

"Ndiye."

Nilitegemea Mzee Athmani aseme kwamba hiyo si ruhusa. Badala yake akasema taratibu, kama anajitetea:

"Tulimswalia ghaibu, bila mwili, Bi Zuhura. Msikiti huu huu. Nilikuwa safu ya mbele."

"Mulimswalia, Mngu awalipe. Bega hakupata."

Yule wa kinyozi akakohoa. "Mimi nimebeba. Tangu kinyozini mpaka hapa."

"Na mimi," akasema fundi cherehani. "Wa kwanza ni mimi."

"Wa kwanza walikuwa wale watoto wa chuo."

"Wale walikuwa washika tu, hawakubeba!"

Wakaanza kugombana nani alibeba kutoka wapi mpaka wapi. Wanaume wazima, saa chache tu tangu waliporuka mabaraza, sasa kila mmoja anataka hatua zake zihesabiwe.

Mzee Athmani hakuingia kwenye mabishano. Alikuwa anatazama viganja vyake. Alicheza keram na Mjomba Salim ujana wao wote, hilo kila mtu analijua.

"Mimi nilikuwa natawadha," akasema. "Mimi sikubeba."

 

Akatoa hukumu. Picha za mlango wa msikiti zifutwe. Tahalili isisikike kwenye filamu, wapige ngoma zao wakitaka au wanyamaze. Kila mwenye uso unaoonekana aulizwe mwenyewe, akikataa aondolewe. Yaliyobaki ni ya Bi Zuhura.

"Na kesho baada ya Alasiri mupite tena."

Feisal, ambaye alikuwa ameanza kupumua, akasema, "Mzee, hakuna haja, picha tunazo."

"Mimi sikusema habari za picha."

Kesho yake walikuja. Si waliobeba tu. Walikuja waliokuwa kazini, waliokuwa safarini Malindi, mtu na mwanawe. Kanzu zimepigwa pasi. Kijana mmoja akaanza kusema kwamba jambo hili halina asili katika dini, na mimi nikamsogelea kwa hamu kwa sababu nilikuwa na swali lile lile. Mzee Athmani akamwambia: "Hatuswali, hatuombi. Tunatembea na rafiki. Ukitaka kutembea, tembea. Hutaki, kaa, kiti kile pale." Yule kijana akatembea.

Mutua akauliza kama alale au lipite tupu.

"Lala, baba. Bega lataka uzito."

Akalala. Mkamba, Mkatoliki, mfalme wa majini, amelala badala ya fundi wa injini aliyezikwa mbali. Nilitafuta mahali pa kuuliza swali, sikupaona.

Feisal aliacha kamera darini ikiwa imezimwa, akashuka kutia bega. Mimi nilipanda juu, nikakaa na shangazi nyuma ya pazia.

Likaja. Mzee Athmani mbele kulia. Chochoro lote lilikuwa kofia nyeupe, mabega yanapokezana kama maji yanavyopita ngazini. Nilimtazama shangazi, nikitarajia machozi. Alikuwa amekunja uso. Akasogeza pazia, akatoa kichwa nje, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya maishani.

"Athmani! Inama kidogo! Salim hakuwa mwepesi hivyo!"

Mzee Athmani hakuinua macho. Lakini aliinama. Nikaona goti linashuka, kisha la aliye nyuma yake, na mstari wote ukashuka kidogo, kama kweli kuna mtu mzito zaidi ameongezwa pale juu.

Shangazi akatazama mpaka wakapinda kona. Kisha akaliachia pazia.

"Haya," akasema. "Sasa amekwenda."

Wakuu, ndiyo hivyo.

Nilichojifunza mimi, mtu wa kuuliza kabla ya kugusa, ni kwamba kuna mambo ukitaka jibu kwanza utakuwa umechelewa, jeneza limeshapita. Bado siamini majini. Bado nasema ile ya kamera ilikuwa ni joto. Lakini bega langu la kushoto liliuma siku mbili, na nilikuwa sitaki liache.

Filamu iko kwenye uhariri. Wenye nyuso wote wamekubali, isipokuwa yule wa kinyozi, anayetaka tumpige upya akiwa amenyolewa pande zote. Feisal anasema lile shavu la povu ndilo picha bora kuliko zote. Shangazi yuko upande wa Feisal, na mabishano yanaendelea kila siku baada ya Alasiri.

Ninyi mnasemaje, huyo bwana apewe haki yake au povu libaki? Na huko kwenu maiti akipita, mnauliza jina kwanza au mnabeba? Waliosafiri na walioshuhudia, karibuni. Wabishi pia, nitawajibu mmoja mmoja.